Usiuchomoe Kuutazama

Jumapili, 3 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Natumaini magoti yanakuachia japo siku moja moja. Sisi huku hatujambo, kazi tu. Hotelini wageni wameongezeka, mashuka yanaingia kwetu chumba cha kufulia kwa matoroli, na mimi bado niko kwenye ile pasi kubwa ya mvuke. Jioni mikono inakataa hata kushika kikombe.

Naandika kwa jambo dogo. Ule mpungate, mmea wako wa miiba ulionipa siku ya harusi yangu, umeharibika mizizi. Nadhani niliumwagilia mno, ikaoza. Zimebaki nyuzi mbili tatu fupi kama ndevu za beberu mchanga. Juu bado ni kijani, ila umeanza kukunjamana. Nimeulaza juu ya gazeti na sijui la kufanya. Naomba unielekeze, na usinigombeze sana, nimechoka.

Barua nampa jirani yako, dereva wa lori la saruji, maana hupita hapa kazini kwetu. Simu yangu imeharibika, usihangaike kupiga.

Mjukuu wako,
Kijiti


Jumamosi, 9 Machi

Kijiti,

Marahaba. Magoti yananiuma, na usijifanye kuyauliza kwa sababu una shida yako.

Barua yako niliimaliza nikiwa nimeshakasirika tangu katikati. Mpungate unauzamishaje, mtoto wewe? Ule mmea umekaa juu ya ukuta wa choo changu kiangazi baada ya kiangazi, mbuzi wakautazama wakaogopa, jua likautazama likachoka. Babu yako aliusahau alipougua, mimi nikausahau nilipomuuguza, haukufa. Wewe umeusomea wapi wema wa namna hiyo, wa kumnywesha mtu asiye na kiu?

Sasa sikiliza, wala usiruke neno. Chukua kisu kikali, kipitishe motoni. Kata chini ya shina mpaka uone nyama safi. Usiuonee huruma, huruma ya kisu butu ndiyo inayoua. Halafu uache! Usiupande. Uweke kivulini penye upepo mpaka kidonda kifanye gamba kavu, kama goti la mtoto aliyeanguka. Ukiupanda na kidonda kibichi, hiyo si kupanda, ni kuzika. Gamba likishika, tafuta kopo. Kopo dogo. Si kile chungu cha saruji cha babu yako nilichokupa nao, kile ni kikubwa mno kwa mgonjwa. Toboa chini, tia mchanga wa mto na kokoto, udongo kiganja kimoja. Usimamishe humo, uuegemeze na vijiti. Na maji usitie. Nimesema usitie. Kitu kisicho na mizizi hakinywi, ukikinywesha unakizamisha.

Uniambie ulipokata nyama ilikuwa na rangi gani na ilinuka nini. Ukiota mizizi uniambie pia. Nijibu upesi, mimi si mtu wa kungojeshwa.

Msalimie mume wako, mpole wa watu. Juzi kwenye foleni ya maji nimewapa wenzangu lao. Nimewaambia, mabinti zenu wakigombezwa tunasikia mtaa mzima, mjukuu wangu kaolewa na fundi friji ambaye hajawahi kupandisha sauti. Wakanyamaza wote, hata yule mwenye mdomo.

Bibi yako


Jumapili, 17 Machi

Bibi,

Shikamoo. Nimefanya yote ulivyosema. Nilipokata, nyama ilikuwa nyeupe yenye ukijani kwa mbali, kama tango. Haikunuka kitu. Nikauweka kivulini hadi ukafanya gamba. Nilipata kopo la rangi, fundi aliyempakia mwenye nyumba ukuta alikuwa amelitupa, nikalisugua, nikalitoboa kwa msumari. Mchanga nimeuomba kwa wanaojenga ng'ambo ya barabara. Nimeuegemeza na vijiti viwili vya ufagio.

Upo dirishani. Dirisha langu linatazama ukuta wa jirani, lakini asubuhi jua huchungulia kidogo kabla sijaenda kazini.

Umeuliza kama umeota mizizi. Leo kabla ya kuandika nimeuchomoa nikutazamie. Bado. Nimeurudisha.

Salamu zako zimefika.

Kijiti


Jumapili, 24 Machi

Kijiti,

Mimi darasani nilikaa muda mfupi kuliko mwalimu alivyotaka, lakini mchanga wa macho haunipati.

Mzizi uliooza hunuka. Hunuka kama maji ya maua yaliyokaa, na nyama yake huwa ya kahawia, inateleza. Wa kwako mweupe, hauna harufu. Huo haukuoza. Huo uling'olewa, tena kwa haraka, na mtu aliyekuwa na pumzi juu juu. Hilo moja.

La pili. Nyumba ya mumeo haina mwenye nyumba zaidi ya mumeo. Na dirisha lake linatazama barabara, nililala pale nikakosa usingizi kwa honi. Huyu mwenye nyumba anayepakiwa rangi katoka wapi? "Dirisha langu" limeanza lini? Simu gani hiyo inayoharibika ikakataa kutengenezwa, na umeolewa na fundi?

Umehama. Uko wapi, umehama lini, umehama kwa nini? Usinizungushe. Mtu anayetaka kunidanganya lazima aamke kabla yangu, na mimi siku hizi silali.

Umeota mizizi au bado?

Bibi yako, niliye hai na mwenye macho


Jumanne, 2 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako niliitia mfukoni mwa aproni nikafanya nayo kazi kutwa nzima nisiifungue, maana nilijua.

Ni kweli. Nimeondoka kwake. Nimepanga chumba nyuma ya soko, karibu na hoteli. Siku hiyo nilijua angechelewa kurudi. Nilichukua nguo, sufuria moja na mpungate. Chungu kilinishinda, ni kizito, nilikikumbatia nikakivuta mpaka mlangoni, kikagoma. Toroli la mizigo lilikuwa linanisubiri nje. Basi nikaushika mmea kwa gazeti nikauvuta. Ulitoa sauti, Bibi. Mizizi ilibaki kwenye chungu. Nikasema bora nusu kuliko kuuacha.

Utaniuliza alinifanya nini. Hakunipiga. Hakuninyima chakula. Hana mwanamke mwingine ninayemjua. Ananuna tu. Kutwa anatengeneza friji za watu, jioni baridi yote analeta nyumbani. Nikikosea kitu, na mara nyingine sijui ni kitu gani, ananyamaza. Si siku moja. Wiki, mwezi. Anakula chakula nilichopika akiwa ameutazama ukuta. Nikimsalimu, kimya. Nikilia, kimya, anaongeza redio. Halafu siku moja anaanza kuongea kama vile hakuna kilichotokea, nami nafurahi kama mtu aliyetolewa gerezani, namshukuru. Mwaka huu nilijikuta naongea na mpungate. Siku nyingine nilikuwa nakuja kazini mapema ili tu yule mzee wa getini aniambie "umeamkaje".

Nakuomba mambo mawili. Usimwambie nilipo. Hotelini nimemwomba mzee wa getini, akija, aseme nimeacha kazi. Akija hapa akasimama mlangoni na ule upole wake, nitarudi, na nikirudi sitatoka tena, najijua. La pili, usije kunichukua. Sitaki kurudi kwake na sitaki kurudishwa nyumbani kukalishwa kikao.

Nimeuchomoa tena kuutazama. Kuna vipele vidogo chini, kama vya joto. Sijui ndiyo mizizi.

Kijiti


Jumatatu, 8 Aprili

Kijiti,

Kununa! Nimelisoma neno hilo nikageuza karatasi nyuma, nikidhani kosa lenyewe liko upande wa pili.

Mwanaume kanuna, mke kabeba sufuria! Ingekuwa hivyo, mtaa huu ungebaki na paka. Mimi ningepata mume wa kuninyamazia ningepumzika, babu yako alikuwa anajibu kila kitu, hata nisichosema. Na foleni ya maji je? Nimewatambia watu mwaka mzima. Sasa niende na ndoo yangu niseme nini?

Mtu aliyekupa nyumba, asiyelewa, asiyepiga, humkimbii kama moto. Unakaa naye kitako mnasema. Hataki kusema, unaita wakubwa wanasema. Ndiyo sababu tupo, hatukuzeeka bure.

Akija hapa kuniuliza nitamwambia. Mimi uongo sijui, na huu si umri wa kuanza kujifunza. Na mwisho wa mwezi nakuja na lori la saruji kukuchukua. Nimeshafunga mzigo. Dereva amesema kiti cha mbele hakina mto, nimemwambia nitakuja na wangu.

Hivyo vipele ndivyo mizizi inapotokea. Sasa imefika wapi? Uniambie safari hii bila kubabaika.

Bibi yako


Jumapili, 14 Aprili

Bibi,

Shikamoo.

Nimeuchomoa. Ulikuwa na uzi mmoja mweupe, mwembamba kama wa kushonea. Umekatika mkononi mwangu.

Ukimwambia nilipo, naomba uniambie na mimi siku hiyo hiyo, nitafute chumba kingine. Sina nguvu ya kuhama tena, lakini nitahama.

Kijiti


Jumamosi, 27 Aprili

Kijiti, mjukuu wangu,

Barua hii ni ndefu, kaa chini uisome. Kama huna pa kukaa, kaa kitandani.

Mumeo alikuja. Alifika Jumamosi iliyopita mchana, shati limepigwa pasi, mkononi mfuko wa sukari na sabuni. Akainama akanisalimu vizuri. Nikamwekea kiti barazani. Nami, sikufichi, nilikuwa nimefurahi. Nikasema moyoni, huyu ndiye wangu, leo tunayamaliza.

Akasema, "Bibi, namtafuta mke wangu."

"Kakimbia nini?"

"Sijui, Bibi. Mimi sijawahi kumpandishia sauti."

"Najua, hata foleni ya maji inajua. Lakini mwenyewe anasema unanuna."

Nilisema hivyo tu, Kijiti. Sikuongeza chumvi, na unajua ni kazi ngumu kwangu. Yule mtu akafunga mdomo. Nilidhani anafikiri. Nikangoja. Nikasema, "Jibu, baba, mimi ni bibi yako, hapa tunajenga." Kimya. Anautazama ukuta wangu kana kwamba kuna mtu kauandika. Nikaenda kuchemsha chai, nikamwekea. "Sukari inatosha?" Kimya. "Hutaki chai, unataka maji?" Kimya. Nikamtukana kidogo, nijaribu. Kimya. Nikamsifu. Kimya. Chai ikatanda utando.

Jua likahama ukuta huu likaenda ule. Kuku wakaingia kulala. Mimi niliyegombana na mvua, na karani wa maji, na mama mkwe wangu hadi akahama chumba, nikaishiwa maneno. Nikaanza kukumbuka kila nililosema tangu alipoingia, nikilitafuta lililomuudhi. Halafu nikajisikia nasema, "Basi nisamehe, baba, kama nimekukosea."

Mimi! Nilimwomba msamaha kwenye baraza yangu mwenyewe, kwa kosa nisilolijua, mtu aliyekuwa anakunywa hewa yangu bure.

Na unajua alifanyaje? Akageuka, akatabasamu. Akasema, "Hakuna neno, Bibi. Chai nzuri." Kama vile ndiyo kwanza kafika.

Nikaona baridi imenipanda toka miguuni. Nilikaa naye mchana mmoja tu. Wewe umekaa naye ndoa nzima.

Nikainuka. Nikamwambia, "Najua anapokaa. Sikuambii."

Akasema, "Bibi, wewe ulikuwa upande wangu."

"Nilikuwa. Beba sukari yako."

Sikusema uongo, unaona? Nimesema najua na nimesema sisemi. Akanyamaza tena, akidhani dawa ile ile itafanya kazi mara ya pili. Nikamwacha barazani nikaingia ndani nikafunga mlango, nikapika uji wangu, nikaunywa. Nilipochungulia hakuwapo. Dereva nimemwapisha asitoe mahali unapokaa. Amesema hata mkewe hatamwambia. Nimemwambia mkewe ndiye wa kuogopwa kwanza.

Mzigo nimeufungua. Siji. Kikao hakuna.

Sasa la mpungate, na hapa usinikatize. Jioni ile nilizitandika barua zako kitandani nikazisoma zote kwa mpigo. Tangu ya pili, kila moja, "nimeuchomoa." Kila moja! Nikataka kukuandikia kwamba huna akili, mzizi hauchomolewi kuutazama, hata mtoto aliyepanda harage anajua. Kalamu ilikuwa tayari mkononi. Halafu nikatazama nilichokuandikia mimi. Umeota? Umefika wapi? Nijibu upesi. Nikiuliza, unauchomoa ili usinidanganye. Ukiuchomoa, unakata kilichoanza. Ule uzi mweupe tumeukata wawili, mimi kwa mdomo na wewe kwa mkono.

Usiuchomoe tena. Hata mimi nikiuliza. Mimi ni mtu wa kuuliza, sitabadilika kwa barua moja. Nikiuliza, andika "sijui," utakuwa umenijibu vizuri.

Ukishaona hausinyai zaidi, uupe maji kijiko kimoja pembeni ya kopo, siku ambayo umekumbuka. Siku usiyokumbuka, ndiyo nzuri zaidi.

Bibi yako


Jumapili, 5 Mei

Bibi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chumba cha kufulia, nikafika pale pa msamaha nikakaa chini kati ya matoroli ya mashuka. Msimamizi akauliza nani kafa. Nikamwambia hakuna, bibi yangu kapona. Akanitazama kama mwehu.

Mpungate sijui. Upo pale pale.

Jumapili iliyopita nililala kutwa, nikaamka jua limezama, nikala mkate nimesimama, nikalala tena. Jana nimenunua kiti. Kina mguu mmoja mfupi, nimeuwekea kipande cha tofali. Mpangaji wa chumba cha pili, mpishi wa shule, ameniuliza jina langu. Huwa anaimba vibaya asubuhi, simwambii anyamaze.

Kama nitakaa huku, au nitarudi huko kwako siku moja kwa miguu yangu, sijui. Pasi bado ni nzito.

Kijiti


Alhamisi, 20 Juni

Kijiti,

Marahaba. Mumeo alipita tena. Alisimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, nikamwambia jibu langu ni lile lile, halijachuja. Akaenda.

Kwenye foleni ya maji nimesema mwenyewe kabla hawajaanza kunong'ona. Nimesema mjukuu wangu hayuko kwa mume, yuko kazini kwake, anakaa kwake. Yule mwenye mdomo akavuta pumzi aseme. Nikamtazama hadi akaitoa ile pumzi bila maneno. Lakini mwingine, binti mdogo wa nyumba ya kona, alinisaidia ndoo mpaka nyumbani, akakaa barazani muda mrefu bila kusema anachotaka. Nikamchemshia chai. Sikumharakisha.

Magoti yangu yako vile vile. Paa limevuja, limezibwa. Dereva atakupa mfuko wenye kitambaa kizito, ukiweke juu ya kile kiti kisikuumize. Si lazima uniandikie kwamba umekipata. Lori litakuja na litarudi, likiwa na barua yako sawa, likiwa tupu sawa.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na swali, nikaichana. Ya pili swali lilikuwa limejificha ndani ya salamu, nikaliona, nikaichana. Hii nimeisoma toka juu hadi chini, haina. Imenichosha kuliko kulima shamba zima, na sasa nakwenda kulala.

Bibi yako